Kiatu Hakipandi Mkekani

"Hivi wewe Siwema, mkoa wetu ukiutazama pale kwenye kalenda, huuoni kama nguruwe kalala ubavu?"

Swali hilo aliliuliza Mama Zamda, jirani yake Bi Siwema, siku alipokuja kuomba chumvi akabaki kasimama mbele ya ukuta na chumvi yake mkononi. Bi Siwema alikuwa ndiyo kwanza anatoka kuswali Alasiri, hata maji ya udhu hayajamkauka. Akaitazama kalenda, akamtazama jirani yake, akasema, "Astaghfirullah. Chukua chumvi yako uende, mchuzi utakuungulia."

Lakini Mama Zamda alipotoka, Bi Siwema aliisogelea ile kalenda, akainamisha kichwa kidogo, akamwona yule mnyama. Alikuwa na pua, na masikio, na kijimkia kimejikunja kule kwenye wilaya anakotoka mheshimiwa. Tangu siku hiyo kila akikusanya mswala wake macho yalikwenda ukutani yenyewe. Mwishowe aliigeuza kalenda, ikawa inaangalia ukuta, na tarehe akawa anauliza kwa watu.

Jambo lenyewe angelisahau kama asingeitwa kwenda Mshabaha.

Njia ya kufika nchi ya Mshabaha haina faida kuisimulia. Aliyeitwa na ndugu yake hufika. Na Bi Siwema aliitwa na mdogo wake, Mwanashamba, aliyeolewa huko ujanani, mume akafa, yeye akabaki na binti mmoja aitwaye Shuwena. Salamu zilizokuja zilikuwa fupi: "Dada, njoo. Mwanao Shuwena anataka kuolewa, na mimi sina wa kutoka naye nje." Maneno ya kwanza Bi Siwema aliyaelewa. Ya pili hakuyaelewa mpaka alipofika.

Mlangoni mwa nchi alikaa askari mmoja kwenye benchi, mtu mpole, mwenye tabia ya kufumba jicho la kushoto akizungumza.

"Karibu, mama. Kwenu kunafanana na nini?"

"Unasemaje, mwanangu?"

"Mkoa wenu. Kwenye ramani. Unafanana na nini?"

Bi Siwema alimkumbuka Mama Zamda na chumvi yake. Akawaza: nikilitaja lile neno hapa, nitalazwa wapi? Akasema, "Kwetu kunafanana na kwetu."

Askari akasikitika kweli kweli. "Mama, mtu hawezi kutoka mahali pasipofanana na kitu. Tutajuaje tukukaribishe namna gani?" Akamwita mwenzake, wakamtazama wote wawili kama mtu anavyotazama kopo lililobanduka karatasi, hajui ndani mna maziwa au mna rangi ya nyumba. Wakashauriana. Wakaamua kwamba, kwa muda atakaokuwamo nchini, atahesabiwa kuwa mtu wa pale anapolala.

"Unalala wapi?"

"Kwa mdogo wangu, mkoa wa Kiatu."

Yule askari akasogeza benchi lake nyuma kidogo, kwa adabu, akamwonyesha njia ya pembeni.

Hapo inafaa kueleza mila za nchi hiyo, maana bila hivyo yaliyofuata hayataeleweka. Mshabaha ina ramani moja tu, imechorwa kwenye ukuta wa Jumba la Ramani, katikati ya mji mkuu. Kila mkoa umetazamwa na Baraza la Watazamaji ukaonekana kitu, na watu wa mkoa huo huishi kama kitu hicho kinavyoishi. Watu wa mkoa wa Birika wanaruhusiwa kufoka maofisini. Akifoka mtu wa Birika, karani humwambia mwenzake, "Mwache, anachemka," na shida yake hushughulikiwa. Mtu wa mkoa mwingine akifoka hufungwa. Watu wa mkoa wa Fagio hufanya kazi zote za usafi wa nchi, na wageni wakubwa wakija hufichwa nyuma ya milango. Watu wa Mwavuli hukumbukwa masika. Kiangazi hata salamu zao hazijibiwi, na wenyewe wamezoea, wakiona wingu tu wanaanza kuvaa vizuri.

Iko pia mikoa miwili inayopakana, Kinu na Mchi. Kwenye ramani inapakana kwa namna ambayo walimu huifunika kwa khanga wanapofundisha watoto. Bi Siwema aliambiwa watu wa huko wamejaliwa uzazi. Hakutaka kuuliza zaidi.

Mkoa wa Kiatu ndiko alikoolewa Mwanashamba. Na sheria za kiatu kila mtu anazijua. Kiatu huachwa mlangoni. Mtu wa Kiatu haingii ndani ya nyumba ya watu wala ofisi ya serikali. Atasimama kizingitini aseme lake kutoka hapo. Kiatu hakiwekwi juu ya meza, kwa hiyo watu wa Kiatu hawapewi vyeo. Na kiatu kimoja hakina kazi, kwa hiyo mtu wa Kiatu hatembei peke yake. Watu hutoka wawili wawili, mtu na mkewe, ndugu na ndugu. Mjane hukaa ndani.

"Unakaa ndani tangu afe shemeji?" aliuliza Bi Siwema.

"Nina Shuwena. Tunatoka wawili. Lakini Shuwena akiolewa, dada, nitakuwa kile kiatu kinachotupwa juu ya paa." Mwanashamba alisema hayo huku anachambua mchele, mikono haisimami. "Tena tulipopita sokoni nilisikia walivyokucheka."

Ni kweli walimcheka. Dada hao wawili walipotoka pamoja mara ya kwanza, muuza ndimu mmoja alipiga ukelele, "Jamani njooni muone! Vya mguu wa kushoto vyote viwili!" Soko zima likaangua kicheko, na Bi Siwema, ambaye kwao hakuna aliyethubutu kumchezea, alinunua ndimu kwa mwingine.

Lililomkera zaidi lilikuwa la Ijumaa. Alivaa buibui lake, akaenda na mdogo wake mpaka msikiti mkubwa wa mji mkuu, na mlangoni akaona mstari mrefu wa watu wamesimama nje juani, wanaume upande huu, wanawake upande ule, nyuso wamezielekeza Kibla.

"Mbona hawaingii? Kumejaa?"

"Hakujajaa. Hao ni watu wetu."

"Hata msikitini, Mwanashamba?"

"Hasa msikitini, dada. Viatu unaviacha wapi kwenu?"

Bi Siwema aliswali pale pale nje, kifudifudi kwenye mawe ya moto, na alipotoa salamu alikuwa ameshatia nia moyoni kwamba hao Watazamaji atawaona kwa macho.

"Hebu niambie," alimuuliza mdogo wake walipofika nyumbani, "waliotazama hiyo ramani waliona kiatu kwa sababu gani?"

Mwanashamba akamweleza bila kucheka. Alikuwa ameshamaliza kuucheka mkasa huo miaka mingi. Watazamaji huja barazani na njaa. Hiyo ni mila: jicho la aliyeshiba lina utelezi. Basi ile siku ya kwanza walianza na mikoa ya kaskazini asubuhi, matumbo matupu, ndiyo maana kaskazini yote ni Andazi, Kitumbua, Paja la Kuku na Ndizi ya Kuchoma. Wakapumzika, wakaletewa chakula, wakala wakasahau mila. Waliporudi wakatazama mikoa ya kati, macho yanafumba. Huko ndiko kuliko na Mkeka, na Mto, na Godoro.

"Na nyie?"

"Sisi tulibaki wa mwisho. Ilikuwa jioni, wazee wameshasimama mlangoni wanatafuta viatu vyao waende makwao."

Bi Siwema akasema, "Laiti wangekuwa wanatafuta tasbihi."

Sasa turudi kwa Shuwena. Alikuwa binti mrefu, mwenye ulimi mwepesi, na kazi yake ilikuwa kusuka mikeka. Mikeka yote ya mkoa wa Mkeka husukwa Kiatu, kwa sababu wenyewe husema mkeka haujisuki. Huisuka watu wa Kiatu, wakaipeleka mpakani, na tangu inapokabidhiwa hawaruhusiwi kuikanyaga. Katika kukabidhi huko ndiko Shuwena alikojuana na Mbaraka, kijana wa Mkeka, mzuri wa sura, mwenye maneno matamu na miguu mirefu ya kunyoosha barazani. Mtu wa Mkeka hukaa popote, maana mkeka hutandikwa popote. Kila jioni alikuja kukaa kwa Mwanashamba.

"Shuwena, ukinuna hivyo utaachia soli," alikuwa akimtania.

"Na wewe ukicheka hivyo utatoka kunguni."

Wakacheka wote wawili. Bi Siwema, aliyekuwa akikoroga uji pembeni, aliona kwamba Shuwena huacha kucheka kwanza.

Jioni moja alimuuliza kijana waziwazi. "Mwanangu Mbaraka, unamtaka huyu binti?"

"Namtaka, mama mkubwa. Tena sana. Usingizi siupati."

"Basi kinachowazuia nini?"

Mbaraka alipanua mikono kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua hainyeshi. "Kiatu hakipandi mkekani, mama. Si mimi. Ni ramani."

Na haikuwa ramani peke yake. Alikuwapo pia mama yake, Bi Farashuu, mwanamke mnene mwenye bangili nyingi, ambaye alikwisha mtafutia mwanawe msichana wa mkoa wa Mto. Alikuja mwenyewe mpaka uani kwa Mwanashamba kuwatangazia. "Mkeka na mto," alisema, "hata mtoto mchanga anajua vinakwenda pamoja. Simchukii binti yenu. Anasuka vizuri. Lakini jamani, tangu lini?"

"Tangu lini nini, bibi?" Shuwena aliuliza.

"Tangu lini kiatu kikalala kitandani!"

"Kikilala kitandani, bibi, aliyelewa ni mwenye kitanda."

Bi Farashuu alitikisa bangili zake akaondoka. Ila alipofika mbali alicheka. Bi Siwema alimwona mabega yakitikisika.

Ilikuwapo njia moja tu. Sheria ya Mshabaha inaruhusu mkoa utazamwe upya, iwapo mwombaji ataleta Jicho Geni, yaani mtu ambaye hakuzaliwa chini ya ramani ile, atazame kwanza, aseme anachokiona. Undugu haumzuii, kwa kuwa undugu hauonekani kwenye ramani. Hilo ndilo jambo la pili lililomfanya Mwanashamba amwite dada yake. Kesi iliwekwa Alhamisi. Baraza likisema Kiatu, Mbaraka anaoa Mto Jumapili, na sufuria za harusi zilikwisha azimwa.

"Mwanashamba," alisema Bi Siwema siku ya Jumatano, "nakwambia mapema usije ukanilaumu. Nikisimama mbele ya watu nikaulizwa, nitasema nilichokiona. Uongo mimi sisemi, hata kwa mwanangu."

"Nani kakwambia useme uongo? Wewe tazama, useme. Mimi nitakuwa nje napika."

"Unapika? Siku ya kesi?"

"Sheria inanitaka nikae nje, dada. Haijasema nikae bila sufuria."

Bi Siwema alimtazama mdogo wake. Tangu utotoni alikuwa hivyo hivyo, mnyenyekevu mpaka umchoke, kumbe mkono uko chini ya kawa.

"Hiyo si hila?"

"Pilau, dada? Pilau ni chakula."

Bi Siwema alilifikiri jambo hilo alipokuwa akitia udhu, akalifikiri tena alipokuwa akijifuta, na hakuona mahali palipoandikwa kwamba kukaanga kitunguu ni dhambi.

Jumba la Ramani lilikuwa na ukumbi mpana uliotandikwa mikeka ukuta kwa ukuta, mingine Bi Siwema aliijua kwa mkono wa Shuwena, nakshi zake zikiwa kama vidole vya bata. Ramani ilijaza ukuta wa mbele. Chini yake walikaa Watazamaji, wazee waliokonda, kila mmoja jicho la kushoto amelifumba. Jicho hilo hulifumba tangu wanapoapishwa hadi kufa, ili vitu vionekane vizuri. Inasemekana Mtazamaji Mkuu, Mzee Ngwali, siku ya harusi yake alimwona bibi arusi nusu, na ile nusu nyingine ndiyo iliyokuja kumsumbua.

Watu wa Mkeka walikaa ndani. Mbaraka alikaa mbele, kanzu imenyooka, pembeni ya mama yake. Watu wa Kiatu walibaki nje, barazani, wawili wawili, isipokuwa Bi Siwema, aliyeruhusiwa kuingia kwa kuwa ndiye Jicho Geni. Shuwena alisimama kizingitini, vidole vya miguu vimegusa ukingo wa mlango, havikuvuka. Nyuma yake, chini ya dirisha kubwa, mama yake alikuwa amechutama anapepea makaa.

Mzee Ngwali aliwafungulia wazee wenzake mjadala, na mjadala ukawa mrefu, maana kila mzee alitaka kwanza kusifu macho ya aliyemtangulia. Mmoja aliuliza kama mkoa unaruhusiwa kufanana na vitu viwili. Wakakubaliana kwamba hilo ni uhaini. Mwingine akasema yeye tangu zamani alikishuku Kiatu kuwa ni kandambili. Ikazuka zogo: je, kandambili ni kiatu? Aliyesema si kiatu aliambiwa avue alizovaa azitazame. Jua lilikuwa limepanda hasa, na hakuna aliyekuwa ametia kitu mdomoni, Mzee Ngwali alipogonga bakora yake.

"Jicho Geni lisimame."

Bi Siwema akasimama, akajitanda vizuri, akasogea mpaka mbele ya ukuta.

"Mama, tazama ule mkoa wa pembeni. Sema mbele ya wote. Unaona nini?"

Alitazama. Alinuia kabisa kutokuona kitu. Aliona mstari wa mto, akaona vilima vimechorwa kama mgongo wa mamba, akasema moyoni, ni ardhi tu ya Mungu hii. Kisha kichwa chake kikainama chenyewe, kama kilivyoinama kule nyumbani. Na pale pale, waziwazi, akaona kisigino. Akaona soli. Akaona hata tundu za kamba, palipokuwa na visima. Moyo ulimuuma, akageuka akamwona Shuwena mlangoni, na Shuwena alikuwa anamtazama usoni, haitazami ramani.

"Mama, tunakusubiri."

"Naona kiatu," alisema Bi Siwema.

Bi Farashuu alipiga kigelegele kimoja akakikatiza katikati, maana mwanawe alimgusa mkono. Nje watu wa Kiatu walishusha pumzi kwa pamoja. Shuwena hakulia. Aliinua kidevu tu, kama mtu aliyemwagiwa maji na hataki ijulikane.

"Ila niliambiwa ni kiatu tangu mlangoni mwa nchi," Bi Siwema aliendelea. "Mngeniambia ni jembe, Mungu anisamehe, nadhani ningeona mpini."

"Hilo hukuulizwa," alisema Mzee Ngwali. "Kaa, mama. Bwana mdogo Mbaraka. Wewe ndiye mwenye haja ya kuoa. Unalo la kusema kabla hatujafunga?"

Mbaraka alisimama. Alimtazama Shuwena, akatazama ukuta, akamtazama mama yake. Alikuwa na huzuni ya kweli, hilo Bi Siwema hawezi kumnyima.

"Mimi, wazee wangu, nitafuata yatakayoonekana."

Akakaa.

Hapo ndipo Mwanashamba alipofunua sufuria.

Harufu haikuingia kwa pupa. Kilitangulia kitunguu kilichoiva mpaka kikawa kahawia, kikapita dirishani kama mtu anayechungulia kuna nani. Ikafuata bizari, na mdalasini, na nyuma yake iliki, na mwisho kabisa nyama ya mbuzi yenye mafuta yake. Mzee mmoja alimeza mate kwa sauti. Mwingine aliyekuwa tayari kusema "nafunga" akabaki mdomo wazi.

"Kabla hatujafunga," alisema taratibu Mzee Ngwali, pua yake imeinuka, "si vibaya tukatazama mara moja ya mwisho. Kwa uadilifu."

Wakageuka wote ukutani.

"Ile tunayoita kisigino," alisema mmoja, "imenenepa. Au macho yangu?"

"Si macho yako. Mimi naiona kama... nisije nikasema sivyo."

"Sema, ndugu yangu."

"Kama paja."

"Paja! Na mimi nimeliona, nikaona aibu kusema."

"Na vile visima si tundu za kamba," alidakia wa tatu, anapapasa tumbo. "Tazameni vizuri. Zile ni zabibu kavu."

"Na vilima ni wali. Umepandana. Hata ule wa juu una mvuke."

"Jamani!" Bi Farashuu alisimama, bangili zinalia. "Jamani wazee wangu, si kina kisigino kile! Kina ulimi! Mkoa mzima una soli!"

"Bi Farashuu," alisema Mzee Ngwali, na kwa mara ya kwanza tangu kuapishwa kwake alifumbua macho yote mawili, "hilo ni sinia. Tena limejaa."

Akagonga bakora. Karani akatoka barazani kuwatangazia watu: kuanzia saa ile Kiatu hakipo, pana mkoa wa Sinia. Watu wa Sinia wataingia kila nyumba, watawekwa katikati, watasubiriwa. Watatembea hata mmoja mmoja, maana sinia moja hutosha watu wengi. Na kwa kuwa sinia ni la wote, yeyote mwenye njaa atawatia mkono, ila mkono uwe wa kulia. Watu wa nje waliposikia maneno ya mwanzo walipiga kelele za furaha hata ya mwisho hayakusikika. Mzee mmoja wa Kiatu alivuka kizingiti kwa mguu mmoja, akaurudisha, akavuka tena.

"Tena," aliongeza Mzee Ngwali, "kama ishara ya mkoa mpya kuingia rasmi, kile kilichoko nje kiletwe ndani."

Mwanashamba aliingia na sufuria yake kichwani, akapakua. Watazamaji wakakunja mikono ya kanzu, wakajipanga. Na Bi Farashuu, huwezi kuamini, alikuwa wa kwanza kumkimbilia Shuwena pale mlangoni.

"Mkwe wangu! Ingia, mwanangu, ingia! Sinia bila mkeka litatandikiwa wapi? Nilisema mimi! Si nilisema?"

"Ulisema, bibi," alijibu Shuwena.

Akaingia. Alikanyaga mkeka wa kwanza, wa pili, mikeka aliyoisuka mwenyewe, polepole, kama mtu anayepima kama maji ni ya kina. Ukumbi ulikuwa umejaa vicheko na harufu ya iliki. Mbaraka alisimama kumpokea, uso unang'aa, mikono mbele.

"Shuwena wangu! Umeona? Nilijua itakuwa hivi. Kaa, kaa hapa katikati. Sasa naweza kukuoa mbele ya watu. Mama, mtazame alivyo. Duara lile, nakshi zile!"

Shuwena hakukaa. "Mbaraka, nikuulize?"

"Niulize hata kumi."

"Jana jioni ulipokuwa barazani kwetu. Ukanitazama, ukasema tena usingizi huupati. Uliona nini?"

"Jana?" Mbaraka akacheka. "Jana ilikuwa... si unajua mwenyewe mambo yalivyokuwa jana."

"Mimi ninajua. Nakuuliza wewe. Ulimwona nani?"

Halikuwa swali gumu. Bi Siwema, aliyekuwa amesimama karibu, alijikuta anamwombea yule kijana, anaomba kwa moyo wote kama anavyoomba mvua: sema jina lake, mjinga wewe, jina lake tu. Mwanashamba aliacha kupakua, mwiko umebaki hewani. Hata Bi Farashuu alizishika bangili zake zisilie.

Mbaraka, taratibu, kama mwanafunzi aliyesahau jibu, akageuza shingo akatazama ukutani.

Shuwena alimngoja atazame mpaka atosheke. Alipoona hatosheki, alipita mbele yake, akapita mbele ya Bi Farashuu, akawapita Watazamaji waliokuwa wameinamia sinia mikono imejaa mafuta, akatoka kwa mlango mkubwa, peke yake.